Sauti Niliyoitoa Chini ya Sakafu ya Banda la Sufu

Mpendwa Whaea Ngāhuia, mama yetu wa redio,

Naomba msaada wako, na kabla hujaenda mbali naomba ujue kwamba mimi si mtu wa barua, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha, maana mwalimu mkuu alisema mimi na yeye hatuenei kwenye jengo moja na yeye ndiye mwenye funguo, kwa hiyo ukikuta nukta zimepotea usizitafute, wewe soma tu kama mtu anayeteremka mlima na breki hana.

Mimi ni mkata manyoya ya kondoo. Nasema hivyo kwa unyenyekevu, lakini unyenyekevu nao una mpaka: Januari nilikata kondoo mia tatu na kumi na wawili kwa siku moja, na bonde hili zima hakuna mtu wa rika langu aliyewahi hata kunusa idadi hiyo, ukitaka ushahidi muulize mjomba wangu Paora ambaye ndiye mkuu wa kikosi chetu, ingawa yeye atakwambia mia tatu na tisa kwa sababu ya wivu. Kipaji changu cha pili ni kuiga sauti. Namwiga mchungaji, namwiga mnadi kondoo, nakuiga hata wewe Whaea, unavyovuta pumzi kabla ya kumkaripia mtu, usikasirike, watu wanapenda. Haya nakwambia si kwa kujisifu, au si kwa kujisifu tu, ni kwa sababu hicho kipaji cha pili ndicho kilichonifikisha kwako.

Nina mdogo wangu anaitwa Manaaki, ana miaka kumi na saba, na ndiye tuliyemtegemea awe msomi maana ukoo hauwezi kuishi kwa watu kama mimi peke yao. Tulilelewa na Bibi na Babu. Babu alifariki majani yalipoanza kupukutika. Tulikaa naye siku tatu kwenye marae, uwanja na nyumba ya ukoo wetu, jeneza wazi, tukilala kwenye magodoro pembeni yake, watu wakiingia na kumsemesha usoni, huyu analia, yule anamgombeza kwa farasi aliyemharibu mwaka juzi, ndiyo desturi yetu, marehemu anasemeshwa mpaka kifuniko kifungwe. Sasa Manaaki aliendelea kumsemesha kifuniko kilipokwisha kufungwa.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Bibi mwenyewe humsalimu Babu kila asubuhi akifungua pazia. Lakini Bibi akishasalimu anakwenda kukaanga mayai. Manaaki alikuwa haendi kukaanga chochote. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza, usiku anazunguka nyumba, mchana macho mekundu kama ya sungura. Akageuza kioo cha bafuni kikatazama ukuta. Akasema injini ya mashine za kukatia sufu inataja jina lake. Akasema hata wewe Whaea unasoma mawazo yake hewani, nikamwambia kama ni hivyo basi kipindi chako kingekuwa kifupi sana. Akanitazama tu. Zamani angenirushia kiatu.

Nilimpeleka bandani akafanye kazi ya kufagia sufu, nikijua jasho litamtibu, maana mimi jasho limenitibu kila kitu isipokuwa mdomo. Na hapa ndipo penye kosa, Whaea, nivumilie.

Banda letu sakafu yake ni papi za mbao zilizoachana nafasi ili mavi ya kondoo yadondoke, na chini kuna uwazi ambao mtu mwembamba anaweza kutambaa. Mpishi wetu ni Shangazi Tiria. Mkate wa Shangazi Tiria unajulikana mpaka ng'ambo ya mto, siku moja kipande kilianguka na mbwa akakimbia. Sasa wiki tatu zilizopita, chai ya saa tatu na nusu, wote wamekaa juu ya marobota ya sufu, Manaaki ana mkate mkononi hauli, anautazama tu, na kimya chake kimetuchosha. Nikasema naenda kuwasogeza kondoo. Nikapita nyuma nikaingia chini ya sakafu, nikatambaa mpaka chini ya miguu yake, nikakohoa mara tatu kama Babu alivyokuwa akikohoa kabla ya kuhutubia, halafu kwa sauti ya Babu, na kwa kweli sijawahi kuipata vizuri kama siku ile, nikasema, "Manaaki, mjukuu wangu. Usile chakula cha hapa. Kitakuua."

Nilikuwa nasubiri kicheko. Nilitaka watu wacheke mkate, na yeye acheke pamoja nao, basi, hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kikombe kikianguka. Nikasikia Shangazi Tiria anaanza dua. Nikatoka kinyumenyume, nikajipangusa, nikaingia kwa mlango mkubwa nikiuliza, "Mbona mmekauka hivyo?" Mjomba Paora alikuwa amevua kofia. Akasema, "Baba yangu amesema." Akasema hivyo, Whaea, na Mjomba Paora ni mtu ambaye hata kanisani havui kofia mpaka akaripiwe.

Utauliza kwa nini hakuna aliyenishuku mimi mwenye sifa ya kuiga. Ni kwa sababu jiwe la kaburi la Babu bado limefunikwa, mwaka haujaisha, na hakuna mtu wetu anayechezea sauti ya marehemu ambaye jiwe lake halijafunuliwa. Ni mwiko mzito. Hata mwizi wa kondoo hauvunji. Kwa hiyo hawakuwaza kwamba ni mimi, maana hakuna mpumbavu wa kiwango hicho, na hiyo ndiyo rekodi yangu nyingine ambayo sikuomba.

Tangu siku ile Manaaki hali chakula cha mkono wa mtu. Anachemsha mayai mwenyewe, anayamenya akiyageuzageuza kwenye mwanga, maji anachota mtoni. Wiki ya pili alianguka bandani. Tukampeleka hospitali ya mjini, mwendo wa saa mbili, na huko nako hakukuwa na nafuu. Daktari kijana, mzungu, mpole tu, sina neno naye, akamwambia Bibi asubiri nje. Bibi hakusubiri nje. Daktari akamshika Manaaki kichwa bila kuomba ruhusa, amulike macho. Kichwa, Whaea, ambacho kwetu ni kitakatifu, hakiguswi ovyo wala hakikutanishwi na chakula. Akamuuliza, "Unasikia sauti za watu ambao hawapo?" Manaaki akasema, "Babu yupo." Daktari akaandika. Halafu mhudumu akaleta sinia la chakula akaliweka juu ya mto wa kulalia, pale pale kichwa kinapolala, na Bibi akasimama.

"Vaa viatu," akamwambia Manaaki.

Daktari akasema, "Bibi, ningependa abaki siku chache."

Bibi akasema, "Ndugu yangu Teone naye mlimtaka siku chache. Polisi wawili ndio waliomchukua. Alirudi baada ya miaka sita, ulimi mzito, sentensi akiianza anaisahau. Siku zenu chache nazijua."

Tukaondoka.

Siku tatu baadaye akaja nyumbani Nesi Mereana, wa kikosi kipya kinachoshughulika na vijana ambao akili ndiyo kwanza inaanza kuwasumbua. Ni mtu wa kwetu. Alivua viatu, akaomba dua ianze, akasema yeye ni mjukuu wa nani na mto gani, na Bibi akagundua kwamba ni wa upande wa mama yake, basi chai ikaongezwa. Hakutoa karatasi hata moja saa nzima. Halafu akasema, "Bibi, kuongea na Babu si ugonjwa. Mimi naongea na mama yangu nikiendesha gari, na yeye bado ananifokea kona ya darajani. Ninachouliza ni kimoja. Huyo Babu mliyemjua nyinyi, angemwambia mjukuu wake asile?"

Bibi akaweka kikombe chini. Nilimwona anataka kusema hapana. Mdomo wake ulikuwa umekwisha kujipanga kwa hapana.

Shangazi Tiria akasema, "Ingekuwa kichwani mwake peke yake tungekubali, dada. Lakini mimi nilisikia. Paora alisikia. Ilitoka ardhini. Hospitali ina dawa ya ardhi?"

Na mimi nilikuwa pale, Whaea, nimeshika birika. Nikamimina chai ikafurika mpaka kwenye kisahani. Nesi Mereana akanitazama. Nikasema, "Nani anataka sukari?"

Sasa Jumamosi hii asubuhi kuna kikao cha ukoo kwenye marae, kuamua kama Manaaki aingie kwenye huduma ya Nesi au la. Nesi anasema miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye thamani, kila wiki inayopita ugonjwa unazidi kujijengea. Anasema tohunga, mganga wetu wa jadi, aje na dua zake na vidonge vije, vikae nyumba moja, yeye hana ugomvi. Lakini Mjomba Paora amekwisha kusema: kikao kikikataa, siku hiyo hiyo anampandisha Manaaki kwenye kibanda cha wawindaji juu kabisa ya bonde, akae huko na sauti ya Babu yake mpaka machipuko, mtu wa hospitali asimfikie. Ni baridi kali huku, theluji iko kileleni, mto ukijaa hakuna wa kupanda wala kushuka, na mtoto mwenyewe anakula mayai mawili kwa siku. Suruali yake anaifunga kwa kamba ya robota. Na kikao kitakataa, kwa sababu watu wawili wenye akili timamu walisikia sauti, na hiyo sauti ni mimi.

Nikisema, nitakuwa mtu aliyechezea kinywa cha babu yake kabla jiwe halijafunuliwa, Mjomba atanifukuza kikosini na itakuwa haki yake, Bibi sijui atanitazamaje, na Manaaki je, hataniamini tena maisha. Na kuna lingine ambalo sikutaka kuliandika: labda ni mimi niliyemtia wazimu. Siku hizi sivuki kondoo mia mbili na arobaini. Kondoo wenyewe wananitazama kama wanajua.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo tu. Bibi husikiliza kipindi chako kila Jumatano saa nne asubuhi akimenya viazi vitamu. Soma barua hii Jumatano hii, badilisha majina, halafu sema kwa ile sauti yako nzito kwamba mizaha ya namna hiyo hutokea kwenye mabanda, na kwamba familia yenye busara haiamui mambo kwa sauti ya chini ya sakafu. Wewe ukisema atasikia. Mimi nitakuwa bandani, sitajua lolote.

Ni mimi,
Mkata Manyoya Hodari (usitaje hata hivyo, nipo mmoja tu)


Jibu la Whaea Ngāhuia

Mkata Manyoya,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Unajificha nyuma ya jina la utani, halafu nyuma ya bahasha unaandika anwani yako kamili na jina la shamba, mjanja wee. Afadhali ulifanya hivyo, maana jibu hili linakuja kwako leo Jumanne kwa mkono wa dereva wa posta, na umwombe Mungu likukute kabla hujapanda bandani. Kuhusu ombi lako la Jumatano nitalifikia mwishoni. Usiruke mistari.

Kwanza nikutue mzigo ambao si wako. Hukumtia mdogo wako wazimu. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako wa nukta zilizopotea, kwamba usingizi ulikuwa umekwisha kupotea, kioo kimegeuzwa ukutani na injini inamwita jina, yote hayo kabla hujatambaa popote. Wewe unapenda sifa, lakini hii huipati. Ugonjwa ulikuwa umeingia. Ulichofanya wewe ni kuufungia mlango kwa ndani, na wenye kuufungua ukawapa sababu ya kukaa mbali. Hilo ni lako. Lishike hilo.

Bibi zenu wa zamani walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha umetumbuka, sasa tuoshe kidonda.

Hupaswi kusubiri Jumamosi. Mtoto wa miaka kumi na saba anayekula mayai mawili na maji ya mto, mwenye kufunga suruali kwa kamba, hangoji kikao. Mpigie Nesi Mereana leo, mweleze sauti ilikuwa ya nani, mwambie na uzito alioupoteza. Yeye amekwisha kukuona ukimimina chai kwenye kisahani, hatashangaa kama unavyodhani. Na sikia: akiacha hata hayo mayai, akikataa maji, au akianza kusema anataka kumfuata Babu alipo, hapo hakuna kikao wala kibanda, ni simu saa hiyo hiyo na mmoja wenu hatoki chumbani.

Kisha Bibi. Kesho alfajiri, kabla ya kazi, wewe na yeye jikoni. Usianze na mkate wa Tiria, usianze na kichekesho. Anza na neno hili: "Bibi, ile sauti ilikuwa yangu." Halafu ufunge mdomo, kazi ambayo najua hujawahi kuifanya. Atakasirika. Mwache akasirike mpaka amalize. Huyo mama alimwona ndugu yake akirudi bila sentensi zake, akaona kichwa cha mjukuu kikishikwa kama tikiti sokoni, na bado Nesi alipomuuliza swali la haki, mdomo wake ulijipanga kusema kweli. Wewe ulikuwa na neno moja la kumsaidia ukauliza sukari.

Mkishamaliza, nendeni wote wawili kwa Manaaki. Kaa chini kumzidi yeye, usisimame mlangoni. Mwambie kwa sauti yako ya kuzaliwa: ile ya bandani, ya kuhusu chakula, ilikuwa mimi, nilikuwa chini ya sakafu, nilikosa. Usimwonyeshe jinsi ulivyofanya. Usikohoe hata kama koo linawasha. Wala usimwambie kwamba basi sauti zote anazosikia ni upuuzi, maana hizo nyingine huzijui, na Babu yake si mali yako umnyang'anye. Huenda asikuamini. Huenda akasema umetumwa. Usibishane naye. Chemsha mayai mbele yake kwenye sufuria moja, la kwanza kula wewe, la pili lisogeze kwake, na kesho yake fanya hivyo tena. Imani uliyoivunja kwa sekunde kumi utairudisha kwa mayai mengi, ndugu yangu, zoea.

Mwiko nao usiuache ukioza. Muombe Bibi akupeleke kaburini pamoja na mzee wa kuongoza dua, useme ulichokifanya mbele ya jiwe hilo lililofunikwa, na mkitoka unawe mikono kama watu. Babu aliyekulea wewe na mdomo wako huo, nina hakika amekwisha kukusikia ukisema mabaya zaidi.

Sasa kikao. Unamwandika Mjomba Paora kama kikwazo. Mjomba Paora anamlinda mtoto kwa njia pekee aliyofundishwa na yaliyompata Teone. Usimdharau, mpe kazi. Mkiwa hapo Jumamosi mwombeni Nesi aandike kwenye karatasi, kwa lugha ya kueleweka, kwamba hakuna polisi mlangoni maadamu hakuna anayeumizwa. Kwamba mtu wa ukoo anakaa na Manaaki kila anapoonwa na daktari, na akilazwa analala pembeni yake. Kwamba kichwa hakiguswi bila ruhusa na chakula hakiwekwi kinapolala kichwa. Kwamba vidonge vinaanza kidogo, mnaelezwa vinafanya nini mwilini, na ulimi ukianza kuwa mzito mnasema na mnasikilizwa siku hiyo. Kwamba tohunga ana kiti chake. Karatasi hiyo akae nayo Mjomba Paora mfukoni. Yeye ndiye aendeshe gari na yeye ndiye akae kwenye kiti cha karibu na mlango. Mtu mwenye nguvu za kumbeba kijana mpaka kileleni anazo za kukaa naye hospitali.

Na mtu akisema ni kipawa, msimcheke. Familia yangu ilisubiri miaka minne kwa binamu yangu tukiita kipawa. Labda kilikuwepo. Lakini kipawa hakimnyimi mtu usingizi wala hakimwambii afe njaa, na miaka minne ile hakuna aliyeturudishia. Yeye leo anafuga nyuki, ana siku mbaya na siku nzuri, na mpaka leo anatuuliza kwa nini tulichelewa. Nyinyi bado mnaweza kulikwepa swali hilo kwa siku nne.

Kufukuzwa kikosini kunawezekana. Ukifukuzwa utakata kondoo kwingine, kwa mia tatu na tisa zako.

Sasa lile ombi. Umeniambia kwamba mdogo wako anaamini ninasoma mawazo yake hewani. Halafu umeniomba nichukue habari zake, siri ya nyumba yake, nizisome hewani, saa nne asubuhi, yeye akiwa upande wa pili wa ukuta na redio ya jikoni iko juu. Ulifikiri? Hukufikiri. Barua hii haitasomwa hewani Jumatano hii wala nyingine yoyote. Kwenye safu yangu ya gazetini itaingia siku mtakapokuja kuniambia wote mmekubali, Manaaki wa kwanza, na majina nitayabadilisha mimi mwenyewe.

Ila kuna jambo kubwa zaidi na nataka ulisome polepole. Wataka maneno mazito yamfikie Bibi yako kwa sauti ya mtu anayemheshimu, wewe ukiwa umejificha mahali, usijue lolote. Mwanangu, hivyo ndivyo ulivyofanya bandani. Mara ya kwanza uliazima sauti ya Babu. Sasa unaazima yangu. Bado uko kwenye mavi ya kondoo, unatambaa, unangoja uone watu watafanya nini huko juu.

Mimi sikuazimi. Toka chini ya sakafu, pitia mlango mkubwa, simama wanapokuona uso, useme.

Whaea Ngāhuia